Jua Likipungua: Mwani wa Pwani na Dagaa wa Kwetu

(Hotuba kwa wachakataji wa dagaa, wavuvi na wanafunzi wa uvuvi, Mwanza. Nimeinyoosha kidogo ili isomeke.)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu wa mwaloni, na ninyi vijana wa chuo mliojazana kule nyuma kama kawaida yenu: mwangaluka!

Mlinialika niseme juu ya kuhifadhi mazao ya ziwa, na wengi mnangoja nianze na dagaa. Kwenye dagaa tutafika. Naomba nianzie mbali, kwenye mmea wa baharini ambao wengi wetu humu ndani hatujawahi kuutia mdomoni: mwani. Najua kuna mtu ameshajiuliza mwani unatuhusu nini sisi, watu wa maji baridi ambayo hayana chumvi hata ya kutia kwenye mchicha. Ana haki ya kuuliza. Mwani unaolimwa baharini hauoti Ziwa Victoria, na sikuja kumuuzia mtu mbegu.

Nilichokuja nacho ni swali. Jua likififia dunia nzima, si kwa siku mbili tatu za mawingu ya masika, ila kwa miaka, tutakula nini?

Msicheke. Kuna watu wanalipwa mshahara kulifikiria swali hili, na hoja zao zina uzito. Dunia ina nchi 9 zenye silaha za nyuklia, na mabomu yake kwa jumla ni kama 12,000. Miji mikubwa ikipigwa, kinachotuhusu sisi tulio mbali ni moto. Miji ikiungua hutoa masizi, na masizi hayo, yakipata joto la jua, hupanda juu kupita mawingu. Mvua huanzia kwenye mawingu, kwa hiyo kilicho juu yake haiwezi kukiosha. Masizi yanakaa huko miaka, yanaizunguka dunia na kuzuia mwanga. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Lili Xia wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walipiga hesabu ya vita kati ya Marekani na Urusi ambavyo vingerusha tani milioni 150 za masizi. Walichokipata ni kwamba watu zaidi ya bilioni 5 wangeweza kufa kwa njaa ndani ya miaka miwili hivi. Waliokufa kwa mabomu yenyewe hawamo katika hesabu hiyo, na wengi wa hao bilioni 5 wangekuwa katika nchi ambazo hazikurusha hata risasi.

Kama bomu mnaliona habari ya wakubwa, chukueni volkano. Mwezi Juni 1783 ardhi ilipasuka kule Aisilandi, mahali panapoitwa Laki, ikatoa lava na gesi ya salfa kwa miezi minane. Waaisilandi wenyewe walikufa kwa njaa, yapata mmoja katika kila watano. Sasa sikilizeni kilichotokea huku kwetu Afrika. Mvua za msimu zilidhoofika, mto Nile haukujaa kama kawaida yake, na Misri ikaingia njaa mwaka huo na uliofuata. Msafiri mmoja Mfaransa, Volney, aliyekuwa Misri miaka hiyo, aliandika kwamba kama sehemu moja ya sita ya watu wa nchi ile walikufa au walihama. Hakuna Mmisri aliyejua kuwa kuna kisiwa kinachoungua upande wa pili wa dunia. Waliona mto tu haupandi.

Sisi tunakaa kwenye ziwa ambalo Nile hiyo inatokea. Tuko karibu na ikweta, na hesabu zinaonyesha baridi kali zaidi ingewapiga walio kaskazini, kwenye mashamba makubwa ya ngano na mahindi. Sisi hatungeganda. Lakini mvua ingepungua, na ngano ya kuagiza, mafuta ya kula, mbolea na petroli ya injini za mitumbwi vingekoma kuja. Kwa hiyo anayesema Mwanza tuko salama kwa sababu hatuna maadui, ajue kwamba njaa haihitaji uadui.

Sasa mwani.

Mwaka 2024 kundi la watafiti wa shirika linaloitwa ALLFED, ambalo kazi yake ni kutafuta namna ya kulisha watu baada ya majanga ya namna hii, lilitoa utafiti ulioongozwa na Florian Jehn. Waliuchukua mwani mwekundu wa jamii ya Gracilaria, wakauweka kwenye hesabu ya bahari iliyopoa na kufifia mwanga baada ya vita vya nyuklia. Walichokiona ni kwamba ungeendelea kukua, hasa katika bahari za ukanda wetu wa joto. Bahari haipoi haraka kama nchi kavu. Tena maji ya juu yakipoa huzama, ya chini yakapanda, na yanapopanda huja na rutuba iliyokuwa imelala kule kwenye kina. Kwa makadirio yao, watu wakichangamka, ndani ya miezi 9 hadi 14 mashamba ya mwani yangefikia mavuno yanayolingana na asilimia 45 ya mahitaji ya chakula duniani.

Hapo mtu hupiga makofi. Ngoja kwanza. Asilimia 45 hiyo si ya sahani. Wao wenyewe waliigawa: mwani ungeshika nafasi ya asilimia 15 ya chakula cha watu, asilimia 10 ya malisho ya mifugo, na nusu ya mafuta yale yanayotengenezwa kutokana na mazao. Maana yake mwani unayaachilia mahindi na miwa yaliyokuwa yakienda kwenye matangi ya magari yarudi kwenye sufuria. Ni hesabu ya busara, lakini ni tofauti na kusema tutakula mwani asubuhi, mchana na jioni.

Na kwa nini tusiule asubuhi, mchana na jioni? Kwa sababu ya madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi tusipate rovu. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 150 kwa siku, kiasi kidogo mno. Mwani una madini joto mengi, na baadhi ya aina za Japani na Ulaya zina mengi kupindukia, kiasi kwamba gramu moja tu iliyokauka inampita mtu mahitaji yake ya siku mara kadhaa. Gracilaria ina nafuu, lakini hata hiyo ukiifanya ugali wako wa kila siku tezi la shingo litakulalamikia. Halafu sehemu kubwa ya mwani ni nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu haliziyeyushi vizuri. Unashiba upesi kuliko unavyopata nguvu.

Nawaambia haya mapema kwa sababu nchi yetu ni ya mwani. Zanzibar walianza kuulima kibiashara mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, upande wa mashariki wa Unguja, Paje na vijiji jirani. Leo waliomo kwenye kazi hiyo wanapita 20,000, na wengi mno ni wanawake. Mama zangu wa dagaa, mngewaona wenzenu wa Paje mngewatambua mara moja. Bamvua likifika na maji yakitoka, wanaingia baharini na vigingi na kamba. Kila kamba ina vikamba vidogo wanavyoviita taitai, na kwenye kila taitai wanafunga kipande cha mwani kinachoenea kiganjani. Wiki sita baadaye kile kipande kimekuwa kichaka. Wanavuna, wanabakiza vipande vya kufunga tena, na mengine wanapeleka kuanika. Mbegu ni mmea wenyewe, kama mihogo. Huhitaji duka la pembejeo wala wakala.

Hapo ndipo penye nguvu ya mwani wakati wa dharura: kipande kinazaa vipande. Lakini lazima uwe nacho kipande cha kwanza, na uwe na mtu anayejua kukifunga. Japani walilijua hilo kwa uchungu. Walikuwa wanalima mwani wa kula uitwao nori kwa miaka mamia bila kujua mbegu yake hutoka wapi. Walichomeka matawi baharini wakaomba. Miaka ya mwisho ya 1940 mavuno yakawaangusha vibaya, na hakuna aliyejua la kufanya. Aliyewaokoa ni mama mmoja Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, ambaye mwaka 1949 alionyesha kwamba mwani wa jamii ile hupitisha sehemu ya maisha yake ndani ya magamba ya kome na chaza, ukiwa mdogo sana kiasi kwamba watu waliudhani ni mmea mwingine kabisa. Wajapani wakajifunza kuotesha mbegu kwenye magamba, na kilimo kikasimama tena. Huyo mama hakuwahi kufika Japani. Pale Uto, mkoa wa Kumamoto, wamemjengea mnara, na kila mwaka wavuvi humkumbuka.

Kwetu tatizo ni lingine. Mbegu tunayo, wafungaji tunao, walaji hatuna. Karibu mwani wote wa Zanzibar unakaushwa na kuuzwa nje, ukachujwe ute wa kutia kwenye aiskrimu na dawa ya meno ya watu wengine, kwa bei ambayo mkulima haijadili. Kuna akina mama walioanza kutengeneza sabuni, juisi na kachumbari ya mwani, na wataalamu kama Dkt. Flower Msuya wamehangaika miaka mingi kuwasaidia. Lakini chakula ambacho watu hawajakizoea wakati wa shibe hakipikiki vizuri wakati wa njaa. Bahari nayo inazidi kupata joto. Ile aina yenye bei nzuri, wanayoiita kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi, na kuihamishia kwenye kina kunataka mashua na kuogelea, ujuzi ambao wasichana wengi wa pwani hawakufundishwa. Angalieni jinsi jambo la kulisha dunia linavyokwama kwenye swali la nani alifundishwa kuogelea.

Kuna kikwazo kingine, na hiki ndicho kilichonifanya nije nacho Mwanza.

Mwani mbichi ni maji. Kilo saba au nane za mwani uliotoka baharini zinakupa kilo moja kavu. Usipoukausha siku ile au kesho yake unaanza kuoza. Na Zanzibar wanaukausha na nini? Na jua. Lile lile tulilosema limefifia.

Mnaona sasa ninakoelekea.

Dagaa wetu akishuka mwaloni alfajiri, ana nusu siku tu kabla hajaharibika. Jua likiwa kali, mama anamwaga kwenye chanja, au kwenye mchanga kama hajapata chanja, anageuza kwa ufagio au kwa mkono, na ikifika jioni dagaa wamekauka, weupe wa fedha, ukimkunja mmoja anavunjika. Mvua ikinyesha saa nne asubuhi, hadithi ni nyingine. Dagaa wanalainika, wanakuwa wa manjano, harufu inabadilika, na mzigo uliokuwa wa kuliwa na watu unauzwa kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Hakuna humu ambaye hajaliona hilo. Sasa chukua masika ya namna hiyo uyavute miaka mitatu.

Halafu hesabuni vingine. Sangara wa kayabo anatiwa chumvi, sawa, lakini mwisho wake anaanikwa. Michembe: kiazi kibichi kinakatwa vipande na kuanikwa juu ya mawe. Matobolwa: kinachemshwa, kinakatwa, kinaanikwa. Udaga wa mihogo unavundikwa, kisha unaanikwa. Hivi ndivyo vyakula ambavyo bibi zetu wa Usukuma walivukia navyo miezi ya njaa, na ninaviheshimu kuliko msaada wowote wa gunia lenye maandishi ya kigeni. Vyote vimejengwa juu ya kitu kimoja, kiangazi chenye jua la Juni mpaka Agosti. Hata taa za kuvulia dagaa usiku, ambazo zamani zilikuwa karabai, nyingi siku hizi ni za sola. Tumeacha mafuta ya taa, jambo zuri, tukajifunga kwenye jua kwa upande wa pili pia. Maghala ya NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, nayo kwa sehemu kubwa ni ya mahindi, na mahindi ni zao la kwanza kuangushwa na mvua mbaya.

Najua swali linalokuja, maana nimeshaulizwa mara nyingi na vijana: kama mwani ni chakula, na ziwani kuna ule uchafu wa kijani unaoelea Ghuba ya Mwanza wakati fulani wa mwaka, si tuuchote? Jibu ni hapana, na naomba mlipeleke nyumbani lilivyo. Ule wa kijani kwa sehemu kubwa ni vijidudu vya jamii ya Microcystis, vinavyonenepa kwa mbolea na maji taka tunayoyamwaga wenyewe ziwani. Vinatoa sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Usinywe maji hayo, usinyweshe ng'ombe, usijaribu kuyakausha.

Wapo ndugu zake wanaolika. Kule Kanem, kandokando ya Ziwa Chad, wanawake huchota kitu cha kijani kwenye vidimbwi vya magadi, wanakimwaga juu ya mchanga kinakuwa kama chapati, kinaitwa dihé, na kinapikwa mboga. Ndicho hicho wazungu wanachokiuza kwenye vidonge kwa jina la spirulina. Kipo hata kwetu, Ziwa Natron, wanakila heroe wadogo. Lakini kinapenda maji ya magadi makali, ndiyo maana vingine havikisumbui. Anayetaka kukilima Mwanza atakilima kwenye tangi, kwa kupima, na mtaalamu akiwa amesimama pale. Kwa macho tu huwezi kukitofautisha na kile chenye sumu. Tusidanganyane.

Basi kazi yetu sisi wa ziwani ni ipi? Kwa maoni yangu ni moja, na hata vita visipotokea milele itatulipa: kujifunza kukausha na kuhifadhi bila kutegemea jua.

Njia zipo, na nyingine ni kongwe. Chumvi ni ya kwanza. Uvinza pamechemshwa chumvi karne nyingi kabla ya mkoloni, na reli inapita hapo hapo. Dagaa waliolazwa kwenye maji ya chumvi nzito kabla ya kukaushwa wanavumilia mvua kuliko wale waliomwagwa hivi hivi. Mnunuzi wa mjini analalamika ni wakali, lakini aliye na njaa ataloweka usiku kucha atupe maji. Moshi ni wa pili, na hapo nitagombana na baadhi yenu. Majiko yetu ya kubanikia samaki, yale ya matofali yaliyo wazi pembeni, yanakula kuni kama yana watoto wa kulisha. Usukuma hauna miti ya kuchezea, tumeshakata ya kutosha. Jiko lililofungwa, lenye trei zinazopangwa moja juu ya nyingine na bomba la kutolea moshi, linatumia kuni kidogo na samaki hawaungui upande mmoja. Siyo teknolojia ya kuagiza. Fundi wa kuchomelea wa Mabatini analitengeneza ukimchorea. Uchachushaji ni wa tatu, na huo sisi tumeuacha kabisa. Watu wa Asia ya kusini mashariki wanatia samaki wadogo na chumvi kwenye mtungi, wanangoja miezi, wanapata mchuzi unaokaa mwaka bila friji wala jua. Dagaa wetu anafaa kwa hilo. Harufu yake sitaitetea.

Tena kuna upande wa shamba. Muhogo uliokomaa unaweza kukaa ardhini miezi bila kuvunwa, na ardhi haihitaji jua ili kuwa ghala. Wataalamu wa TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo hapo Misungwi, wana aina zinazostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Aliye na eka mbili asipande mahindi yote.

Na mwani? Mwani uachiwe pwani, lakini tuanze kuula. Kwa uzito, mwani mkavu ni mzigo mwepesi, hauozi, na reli ya kati inafika Mwanza tangu mwaka 1928. Ningependa kuona gunia la mwani mkavu pale sokoni Kirumba, karibu na gunia la dagaa, kwa ajili ya mama anayetaka kujaribu. Unaoshwa vizuri, unalowekwa, unakatwakatwa, kiganja kimoja kwenye mchuzi wa dagaa wa familia nzima. Isizidi hapo, kwa sababu ya yale madini joto niliyoyasema, na mwenye tezi aulize daktari kwanza. Mkiona hauna ladha, mmesema kweli. Tieni limau.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nimalizie na ombi, na ombi hili ni kwa vikundi vya wachakataji vilivyopo hapa. Masika haya yanayokuja, kabla mvua haijaanza, kila kikundi kitenge ndoo chache tu za dagaa zisianikwe kabisa. Nyingine zipite kwenye chumvi nzito na jiko la moshi lililofungwa, nyingine ziingie mtungini. Andikeni kuni zilizotumika, chumvi iliyotumika, siku dagaa walizokaa bila kuharibika, na mteja alisema nini alipoonja. Daftari la kawaida linatosha. Vijana wa chuo watakuja kuwasaidia kupima unyevu, maana mashine wanayo na muda wanao, hata wakinuna. Mvua ikiisha tukutane hapa tena, kila mtu na daftari lake, na mtungi mmoja tufungue pamoja. Anayekaa karibu na dirisha alifungue kwanza.